Jirani wa Molekuli: Historia ya Maji Ndani ya Uga wa Umeme

Msimu wa mahindi ukifika, wanunuzi huzunguka Nyamigogo na vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara wakiwa na magunia matupu, mizani, na wengine kifaa kidogo cha kushika mkononi. Punje humiminwa kwenye kikombe cha kifaa hicho, kitufe hubonyezwa, na punde namba hutokea kiooni. Ikiwa ni 13.5 au chini yake, mazungumzo ya bei yanaendelea. Ikizidi hapo, mwenye mzigo huambiwa mahindi yake hayajakauka, ayarudishe juani. Asilimia 13.5 ndiyo kiwango cha juu cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi katika nchi za Afrika Mashariki, kwa sababu punje zenye maji zaidi ya hapo huota ukungu ghalani, na ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu.

Kifaa hicho hakikaushi kitu wala hakina jicho la kuona maji. Vingi vya aina hiyo vina kuta mbili za chuma ndani ya kikombe, na kati ya kuta hizo kuna uga wa umeme unaogeuka mbele na nyuma mara nyingi mno kwa sekunde. Punje zikiwa katikati, kifaa hupima jinsi zinavyouitikia uga huo. Wanga mkavu huitikia kidogo tu. Maji huitikia kwa nguvu kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia, na asilimia ndiyo inayogeuzwa kuwa fedha.

Wanafizikia wana namba ya kupimia mwitiko huo. Ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, limepewa namba 1. Mafuta ya transfoma yana 2.2 hivi. Kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 10. Maji safi katika nyuzi joto 20 za Selsiasi yana 80. Uwazi wa maji na wepesi wake haviashirii kabisa kwamba yangepita kioo, mafuta na mbao kwa kiasi hicho. Kwa nini 80? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 100, na waliolitafuta walikuwa wakimbizi, vijana wakaidi na wahariri waliokataa makala sahihi. Jibu lenyewe leo linafanya kazi ndani ya kila transfoma iliyotundikwa nguzoni kati ya Rusumo na Biharamulo.

Mwanzo wa habari ni London, mwaka 1837. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza sayansi akiwa fundi wa kujalidi vitabu, alitengeneza tufe mbili za shaba, moja ndani ya nyingine, zikiwa na nafasi kati yake. Alipojaza sehemu ya nafasi hiyo kwa kioo, salfa au lakiri, aliona kwamba chombo kinabeba chaji nyingi kuliko kikiwa na hewa tupu. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba nguvu ya umeme huruka kutoka chaji hadi chaji bila kujali kilichopo katikati. Faraday alionyesha kwamba kilichopo katikati kinashiriki. Kihami, kitu tunachodhani kimekaa bure kwa kuwa hakipitishi mkondo, ndani yake kina chembe zinazovutwa, zinazojipinda na kujipanga.

Baada yake, Mwitaliano Ottaviano-Fabrizio Mossotti, aliyewahi kuishi uhamishoni na kufundisha Buenos Aires na Corfu kabla ya kurudi Pisa, alijaribu kuligeuza wazo hilo kuwa hesabu. Rudolf Clausius wa Ujerumani alilikamilisha mwaka 1879. Walichukulia kila chembe ya kitu kuwa tufe dogo mno ambalo chaji zake husogea kidogo uga unapokuja, chanya upande huu na hasi upande ule. Kanuni yao iliendana vizuri na gesi, na hata na vimiminika vingi vya jamii ya mafuta. James Clerk Maxwell naye alikuwa ameonyesha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku, na kwamba ukizidisha kiwango cha kupinda nuru kwa chenyewe unapaswa kupata namba ya mwitiko. Ludwig Boltzmann alilijaribu hilo katika miaka ya 1870 kwa salfa na kwa gesi, likakubali.

Kwa maji likakataa kabisa. Maji hupinda nuru kwa 1.33. Zidisha kwa yenyewe, unapata 1.77. Kipimo cha umeme wa kawaida, usiogeuka kwa kasi ya nuru, kinatoa takriban 80. Kosa la kipimo haliwezi kufanya 1.77 ionekane 80. Kulikuwa na kitu ndani ya maji ambacho hakimo ndani ya salfa.

Aliyekitambua ni Peter Debye, Mholanzi aliyezaliwa Maastricht mwaka 1884. Mwaka 1911, akiwa na miaka 27, alichukua nafasi iliyoachwa na Albert Einstein katika Chuo Kikuu cha Zurich, na mwanzoni mwa 1912 akachapisha makala fupi kuhusu vihami. Alisema hivi: baadhi ya molekuli hazingoji uga ili zipate upande chanya na upande hasi. Zimezaliwa nao. Molekuli ya maji ina oksijeni inayovuta elektroni upande wake, na hidrojeni mbili zinazobaki na uchanya kidogo. Kwa kuwa hidrojeni hizo zimekaa kwa pembe ya takriban nyuzi 104.5 badala ya kunyooka mstari mmoja, molekuli nzima ina ncha mbili za umeme, hasi huku na chanya kule. Uga ukija hauhitaji kuipinda molekuli hiyo. Unaigeuza tu.

Lakini joto halitulii. Molekuli hugongana na kuzunguka ovyo wakati wote, na uga wa kawaida ni dhaifu mno kuzipanga zote. Ni kama kundi la ng'ombe wanaosukumana njiani kwenda kisimani: ukilitazama kwa mbali unaona linaelekea upande mmoja, ingawa kila mnyama anageuka huku na huko. Mfaransa Paul Langevin alikuwa amekwisha kufanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1905 kwa ajili ya sumaku. Debye aliihamishia kwenye umeme, akapata kanuni yenye sehemu mbili: moja isiyojali joto, na nyingine inayopungua kadiri joto linavyoongezeka.

Uzuri wa kanuni hiyo ulikuwa katika matumizi yake. Pima mwitiko wa gesi katika joto mbalimbali, chora mstari, na mteremko wa mstari huo utakuambia ukubwa wa ncha za molekuli moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kaboni dioksidi ilitoa sifuri, kwa hiyo ni lazima molekuli yake iwe imenyooka. Mvuke wa maji ulitoa 1.85 katika kipimo kilichokuja kuitwa kwa jina la Debye mwenyewe, kwa hiyo ni lazima molekuli yake iwe imepinda. Wanakemia walipata njia ya kujua maumbo ya molekuli kwa kutumia waya, sahani za chuma na kipimajoto. Mwaka 1929 Debye alikusanya matunda hayo katika kitabu juu ya molekuli zenye ncha, na mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwaka 1913 aliongeza jambo la pili, na kwangu mimi ndilo lenye maana kubwa zaidi kwa maisha ya leo. Kugeuka huchukua muda. Molekuli ya maji iliyobanwa na wenzake huhitaji takriban sehemu 8 au 9 za trilioni ya sekunde katika joto la kawaida ili ipoteze mwelekeo wake na kushika mwingine. Uga ukigeuka polepole kuliko hapo, molekuli zinaufuata na unapata 80. Ukigeuka kwa kasi ya nuru inayoonekana, hakuna molekuli inayowahi hata kuanza kugeuka, na unabaki na 1.77 ya Maxwell. Namba zote mbili zilikuwa kweli. Katikati, pale molekuli zinapojitahidi kuufuata uga na kuchelewa kidogo, nishati ya uga hupotea na kuwa joto. Jiko la maikrowevu linafanya kazi humo, kwa mawimbi yanayogeuka mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Barafu haipati joto vizuri katika jiko hilo, kwa sababu molekuli zake zimefungwa na huhitaji muda ulio mrefu kwa zaidi ya mara milioni ili zigeuke.

Basi hadi hapo gesi zilikuwa zimetii na muda ulikuwa umeeleweka. Kimiminika chenyewe kilibaki kigumu.

Tatizo lilikuwa kubwa, na Debye alilijua. Ukichukua ncha za molekuli moja ya maji kama zilivyopimwa katika mvuke, ukaziingiza katika kanuni yake kwa msongamano wa maji ya kimiminika, kanuni inavunjika. Inasema kwamba chini ya joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, molekuli zote za maji zinapaswa kujipanga zenyewe upande mmoja, bila uga wowote wa nje, kwa sababu kila moja inaisukuma jirani yake. Yaani maji ya Ziwa Victoria yangekuwa yamejipanga kiumeme ncha kwa ncha kutoka Mwanza hadi Bukoba. Wanafizikia waliiita hali hiyo maafa ya mpangilio. Kwa kuwa maafa hayo hayatokei, kulikuwa na kosa mahali fulani katika namna ya kuhesabu jirani.

Mtu wa kuliona kosa hilo alikuwa amekwisha kupita ofisini kwa Debye. Lars Onsager alizaliwa Oslo, Norwei, mwaka 1903. Mwaka 1925, hajafikisha miaka 22, alisafiri hadi Zurich, akaingia kwa Profesa Debye na kumwambia kwamba nadharia yake ya maji yenye chumvi haikuwa sahihi. Debye alimketisha, akamsikiliza, kisha akampa kazi ya kuwa msaidizi wake. Kisa hicho hupendwa na kusimuliwa mara nyingi. Sehemu yake ya pili, iliyotokea kama miaka kumi baadaye, husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo inayotuhusu zaidi.

Wakati huo Onsager alikuwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale. Aliandika makala kuhusu vimiminika vyenye molekuli za ncha na kuipeleka katika jarida la fizikia la Kijerumani ambalo Debye alikuwa mhariri wake. Debye hakuikubali. Ilitoka mwaka 1936 katika jarida la wanakemia wa Marekani, mwaka uleule ambao Debye alikwenda Stockholm kupokea tuzo.

Hoja ya Onsager inaeleweka bila hesabu. Weka molekuli moja ya maji katikati ya maji mengine. Molekuli hiyo ina ncha, na ncha hizo zinawavuta majirani wajipange kuizunguka. Majirani hao waliojipanga nao wanatoa uga wao, na uga huo unairudia molekuli ya katikati. Debye na waliomtangulia waliuhesabu uga huo pamoja na uga mwingine wote, kana kwamba unaweza kuigeuza molekuli. Lakini uga huo umezaliwa na molekuli yenyewe. Popote inapoelekea, majirani wanajipanga kuifuata, na uga unaorudi unaelekea palepale molekuli inapoelekea. Hauwezi kuigeuza, kwa sababu kila mara uko upande wake. Unachoweza ni kuongeza ukubwa wa ncha zake kidogo. Ukiuondoa uga huo katika hesabu ya kugeuka, maafa yanatoweka mara moja. Hakuna joto lolote ambalo kwalo kanuni ya Onsager inayaruhusu maji kujipanga yenyewe.

Naiona hoja hii kuwa mojawapo ya hoja safi kuliko zote katika fizikia ya karne ya 20. Haikuhitaji kipimo kipya wala chembe mpya. Ilihitaji mtu wa kuuliza ni sehemu gani ya nguvu inayokuzunguka imetoka kwako mwenyewe. Onsager alipata Nobel mwaka 1968, kwa kazi nyingine aliyoifanya mwaka 1931.

Hata hivyo, ukiingiza namba za maji katika kanuni yake unapata takriban 31. Ni afadhali kuliko maafa, lakini 31 bado haijafika 80.

Kilichopungua ni kwamba Onsager aliwachukulia majirani kuwa kitu kimoja laini kisicho na umbo, na jirani wa molekuli ya maji ana umbo mahususi. Mwaka 1933 J. D. Bernal na R. H. Fowler walikuwa wamechapisha makala kuhusu umbo hilo. Inasemwa kwamba wazo lenyewe lilikomaa walipokwama kwa ukungu katika uwanja wa ndege wa Moscow wakizungumza kuhusu maji ili kupitisha muda. Walionyesha kwamba kila molekuli ya maji hushikamana na nyingine nne hivi, hidrojeni ya mmoja ikielekea oksijeni ya mwenzake. Mwaka 1939 Mmarekani John Kirkwood, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, aliliingiza jambo hilo katika nadharia. Aliongeza kigezo kimoja kinachopima ni kwa kiasi gani molekuli na majirani zake wa karibu huelekea upande mmoja. Kama kila mmoja anaelekea kivyake, kigezo ni 1. Kwa maji kinakuwa kati ya 2.5 na 3, maana mmoja akigeuka huwavuta wenzake wageuke naye. Kirkwood alikikadiria kigezo hicho kutokana na umbo la Bernal na Fowler, na jibu lake la maji likakaribia kipimo.

Kwa hiyo zaidi ya nusu ya ile 80 haitoki katika molekuli ya maji yenyewe. Inatoka katika ushikamano. Mwaka 1940 Debye aliondoka Ujerumani ya Hitler, akahamia Cornell, na kwa miaka kadhaa yeye na Kirkwood walifanya kazi katika chuo kimoja.

Vitu vigumu vilikuwa na historia yao, na humo kilitokea kitu cha kushangaza. Mwaka 1920 huko Minnesota, Joseph Valasek aligundua kwamba fuwele za chumvi ya Rochelle hujipanga zenyewe ncha kwa ncha, zikabaki hivyo hata uga ukiondolewa, na zikageuka ukizilazimisha kwa uga wa kinyume. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa Marekani, Japani na Urusi, kila kundi peke yake, walikuta jambo kama hilo katika bariamu titanati, kauri ya kawaida yenye namba ya mwitiko inayopita 1,000. Chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi atomu zake husogea zenyewe upande mmoja. Mwaka 1950 John Slater alieleza sababu: katika fuwele hiyo atomu zimepangwa kwa namna ambayo uga wa majirani unaziimarisha hadi mpangilio unajitokeza wenyewe. Maafa ambayo kanuni ya Debye iliyatabiri kwa maji, na ambayo Onsager aliyafuta, yalikuwa yanatokea kweli mahali pengine. Kila simu inayotumika Nyamigogo ina kapasita nyingi ndogo za kauri hiyo ndani yake.

Mtu wa kuunganisha nadharia hizi na nguzo za umeme ni Herbert Fröhlich. Alizaliwa Rexingen, Ujerumani, mwaka 1905, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1933 alifukuzwa kazi Freiburg, akakimbilia Leningrad, na mwaka 1935 akakimbia tena, akapokewa Bristol, Uingereza. Huko alipata msaada kutoka kwa chama cha utafiti cha viwanda vya umeme vya Uingereza, ambavyo vilikuwa na swali la kibiashara: kwa nini vihami huvunjika ghafla, yaani huacha kuzuia umeme? Kuanzia mwaka 1937 alitoa nadharia za kuvunjika huko, na mwaka 1949 kikatoka kitabu chake cha nadharia ya vihami, kilichopanua kazi ya Kirkwood ili ifae vimiminika na vitu vigumu kwa pamoja. Kwa miaka mingi wahandisi wa vihami walijifunza kutoka humo.

Tanganyika ilikuwa imekwisha kuingia katika biashara hii ya vihami kwa mlango mwingine. Ulanga wa milima ya Uluguru ulichimbwa tangu enzi ya Wajerumani na kusafirishwa nje, kwa kuwa ulanga hupasuka kuwa karatasi nyembamba zinazostahimili joto na volti kubwa. Ulitumika katika mashine za umeme na katika kapasita za redio wakati vijiji vya wachimbaji wenyewe vilikuwa gizani.

Giza hilo lilidumu muda mrefu zaidi magharibi mwa Kagera. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa. Maporomoko ya Rusumo yalikuwa yanajulikana kwa mambo mengine. Mwishoni mwa Aprili 1994 daraja lake lilipitisha wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 ndani ya takriban siku moja, na watu wa Ngara hawajasahau. Mpango wa kuzalisha umeme hapo kwa pamoja kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2013, ujenzi ukaanza mwaka 2017, na mitambo yake yenye uwezo wa megawati 80 ikaanza kuzalisha mwaka 2023. Njia ya kilovolti 220 inatoka Rusumo, inapita katika vilima vya Ngara na kuingia Biharamulo hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi. Kutoka kwenye vituo kama hicho umeme hushushwa hadi kilovolti 33, na transfoma za vijijini huushusha tena hadi volti 230 za nyumbani.

Ndani ya transfoma kama hizo kuna nyaya zilizofungwa kwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta. Mafuta huchaguliwa kwa sababu molekuli zake hazina ncha za kusemwa. Zinaitikia uga kwa uvivu, hazichelewi nyuma yake, hazipati joto. Adui mkubwa wa mafuta hayo ni maji. Transfoma hupumua: mchana mafuta hupanuka, usiku husinyaa, na hewa ya nje huvutwa ndani. Katika eneo lenye misimu miwili ya mvua, hewa hiyo imejaa mvuke. Ndiyo maana kwenye bomba la kupumulia huwekwa chombo cha silika, punje zinazonyonya maji. Katika aina iliyozoeleka, punje hizo ni za buluu zikiwa kavu na hugeuka pinki zikishiba. Fundi akiziona pinki anajua ulinzi umekwisha.

Madhara ya maji hayo yanatokana moja kwa moja na tofauti kati ya 80 na 2.2. Kitu chenye mwitiko mkubwa kikielea ndani ya kitu chenye mwitiko mdogo, huvutwa kuelekea pale uga ulipo mkali zaidi. Nyuzinyuzi za karatasi zilizolowa husafiri ndani ya mafuta, hukusanyika kwenye pembe za nyaya, hushikana moja kwa nyingine na kutengeneza daraja. Cheche hupita juu ya daraja hilo. Kwa hiyo mafuta hupimwa: sampuli huwekwa kati ya vichwa viwili vya chuma vilivyoachana milimita 2.5, na volti hupandishwa hadi cheche iruke. Mafuta makavu na safi hustahimili zaidi ya kilovolti 50. Maji ya sehemu 50 tu katika milioni, yakiwa pamoja na nyuzinyuzi, huishusha namba hiyo kwa kiasi kikubwa. Kijiji kinapokaa gizani baada ya transfoma kuungua, mara nyingi watu hulaumu radi au wingi wa matumizi. Unyevu hauna mlio, kwa hiyo hausemwi, na mimi naona ungestahili kusemwa kwanza.

Viwanda viliwahi kujaribu njia ya kinyume, yaani kutumia vimiminika vyenye ncha kwa makusudi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, misombo ya klorini iitwayo PCB ilitiwa katika kapasita na transfoma kwa sababu haishiki moto na mwitiko wake ni mara mbili au zaidi ya ule wa mafuta. Klorini hiyohiyo iliyozipa molekuli ncha ilizifanya pia zisioze. Zilibaki katika udongo, samaki na maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mtu anayeuziwa mafuta ya transfoma kuukuu ya kukaangia chakula ana sababu ya kutosha ya kukataa, hata asipojua neno moja la fizikia.

Nadharia ya Debye na wenzake haikuishia kwenye umeme wa majumbani. Mwaka 1980 watafiti watatu wa Kanada, G. C. Topp, J. L. Davis na A. P. Annan, walionyesha kwamba ukijua mwitiko wa udongo unaweza kujua kiasi cha maji kilichomo bila kujali sana kama ni kichanga au mfinyanzi, kwa kuwa chembe za udongo zina namba kati ya 3 na 5 na maji yana 80. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS, iliyorushwa mwaka 2009, na SMAP ya Marekani ya mwaka 2015, husoma jambo hilohilo kutoka angani kwa mawimbi ya redio. Hupita juu ya Kagera kila baada ya siku chache. Sentimita chache za juu za udongo, pale mbegu ya mahindi inapolala, hutoa namba inayotumwa duniani kote.

Na kuna kazi ambayo bado haijaisha, nayo imo ndani ya kikombe cha mnunuzi wa mahindi. Maji ya ndani ya punje si maji ya mtoni. Sehemu yake imeshikwa na wanga na protini. Molekuli za maji zilizoshikwa hivyo hazina majirani wanne wa Bernal na Fowler, hazigeuki kwa kasi ileile, na mchango wake haufiki ule wa maji huru. Kigezo cha Kirkwood kwa maji hayo hubadilika kutoka zao hadi zao na kutoka joto hadi joto. Kompyuta za leo hufuatilia maelfu ya molekuli za maji safi na kutoa namba inayokaribia 80 bila kuambiwa jibu. Punje ya mahindi bado inazishinda. Ndiyo sababu kifaa kina sehemu ya kuchagua zao, mahindi au maharage au kahawa, na ndiyo sababu mahindi yaliyotoka juani sasa hivi yanaweza kusomeka tofauti na yaleyale yakishapoa. Kabla kifaa hakijauzwa, watengenezaji huchukua sampuli za kila zao, huzipima kwa kifaa, kisha huzipima kwenye mizani, huzikausha katika tanuri kwa saa nyingi, huzipima tena, na tofauti ya uzito huiandika ndani ya kifaa kuwa unyevu. Mkulima anayeona namba ya mnunuzi inamwonea anaweza kudai njia hiyohiyo ya tanuri na mizani.